Umaskini Ndani ya Shule Zetu: Mzigo Umehama, Haujatuliwa

Kila mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa kenda, kengele za mashule zinalia tena katika majimbo yetu ya mashariki. Juma tatu au nne zikipita, linaanza jambo ambalo watu wa Bukavu, Goma, Butembo, Bunia na Uvira wanalijua bila kuelezwa: saa nne ya asubuhi barabara inajaa watoto wa shati nyeupe na sketi au suruali ya bluu, madaftari mkononi, wakirudi nyumbani. Hawakutoroka. Wamefukuzwa kwa sababu ya franka. Wengi wao wanatoka katika shule zenye jina la kanisa kwenye kibao cha mlangoni, na jioni mama yao atakuwa kwenye mazoezi ya kwaya, pengine akiketi karibu na mwalimu ambaye naye hajalipwa.

Katika mikutano ya parokia tunasikia maelezo mawili yakirudiwa. Wengine wanasema wazazi wa siku hizi hawapendi kulipa. Wengine wanasema walimu wanapenda makuta kuliko watoto. Maelezo yote mawili yanamlaumu mtu aliye karibu, kwa sababu aliye mbali haonekani. Umaskini unaoingia shuleni kwetu una njia yake: unaanza pale mshahara unapokosa kutoka, unapita kwa mwalimu, unamfikia mzazi, na mwisho unaketi kwenye benchi la mtoto. Tangu mwaka 2019 njia hiyo imebadilika, lakini haijafungwa. Ni vizuri makanisa yetu yaijue, kwa maana yenyewe yamo ndani yake.

Shule ni ya nani?

Wengi wetu tunasema "shule ya kanisa" kana kwamba kanisa ndilo linalolipa walimu. Sivyo. Mashule mengi ya zamani yalijengwa na misioni, lakini mwishoni mwa mwaka 1974 utawala wa Mobutu uliyachukua yote yakawa ya Serikali. Uongozi huo ulishindwa upesi. Tarehe 26 Februari 1977 Serikali ilitia sahihi mapatano na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu ili wayaongoze tena. Waislamu waliingia katika mpango huo baadaye. Kufuatana na mapatano hayo, shule inabaki ya Serikali: programu ya masomo, inspekta, mitihani na mishahara ni kazi yake. Kanisa limepewa uongozi wa kila siku: kusimamia walimu, kupendekeza direkta na prefe, kutunza malezi ya kikristo. Ndiyo sababu zinaitwa shule za mapatano, au konvansione. Shule za CBCA, CEPAC, CELPA, CECA 20 na jumuiya nyingine za Kanisa la Kristo katika Kongo ziko katika mpango huo, kila moja chini ya ofisi ya kordinasio. Katika nchi nzima, zaidi ya nusu ya watoto wa shule wanasoma katika shule zinazoongozwa na makanisa.

Jambo hili si la historia tu. Lina maana kwamba mzazi anapomwona mchungaji na kumwambia, "Shule yenu imemfukuza mtoto wangu," mchungaji hawezi kujibu kwamba hayamhusu, wala hawezi kuahidi mshahara ambao hautoki mfukoni mwake. Yuko katikati.

Katika miaka ya 1980 Serikali ilipunguza sana matumizi ya elimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bei zilipanda kwa namna ya kutisha, mshahara wa mwalimu ukawa karatasi isiyoweza kununua kitu, na walimu wakagoma. Watoto walibaki nyumbani kwa muda mrefu. Hapo ndipo, kuanzia miaka ya 1992 na 1993, wazazi na makanisa walipatana kwamba mzazi atoe kitu kidogo ili mwalimu aendelee kufundisha. Kitu hicho kikaitwa primu.

Tusiwahukumu waliofanya mapatano hayo. Waliokoa shule wakati nchi ilipokuwa inaanguka. Lakini kilichowekwa kwa muda wa shida kikakaa kwa miaka karibu 27. Tena primu haikubaki kwa mwalimu peke yake. Sehemu ya kila malipo ilipanda ngazi, kutoka shuleni kwenda ofisi za elimu za mitaa, hata za jimbo, za Serikali na za makanisa pia. Ofisi nyingi zilikuwa hazina bajeti nyingine. Hivi mama muuza mihogo wa Walungu alikuwa akimlisha mwalimu, akilipa kodi ya ofisi, na kununua karatasi ya ripoti iliyotumwa jimboni. Mpango wa namna hiyo ni mgumu kuuvunja, kwa sababu kila anayesimama kwenye ngazi ana sababu ya kutaka uendelee.

Mwaka 2019

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na haina malipo. Kwa miaka 13 kifungu hicho kilibaki kwenye kitabu. Mwezi wa kenda wa 2019 Rais Félix Tshisekedi aliamuru kianze kutumika kweli. Mwaka uliofuata, 2020, Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 ili kusaidia kazi hiyo na kuimarisha mfumo wa elimu.

Mamilioni ya watoto waliingia darasani au walirudi. Hilo ni tendo kubwa na hatupendi lisemwe kwa midomo nusu. Kila parokia yetu iliona watoto wakubwa, miaka kumi, kumi na miwili, wakiketi kwa mara ya kwanza pamoja na wadogo wa darasa la kwanza, bila haya, wakitaka tu kujua kusoma jina lao.

Lakini darasa halikuongezeka wala mwalimu hakuongezeka kwa mwendo ule ule. Vyumba vilivyojengwa kwa watoto hamsini vikapokea zaidi ya mia. Walimu wa miji mikubwa, ambao primu ilikuwa kubwa kuliko mshahara wenyewe, walijikuta na mapato madogo kuliko ya mwaka uliotangulia. Mwalimu wa kijiji, ambaye primu yake ilikuwa kidogo sana, mara nyingine alipata faida. Ndiyo maana amri moja ililiwa kama asali mahali pamoja na kama shubiri mahali pengine, na sisi wa Kivu, Ituri na Maniema tunapozungumza juu ya "gratuité" tunasema mambo yasiyofanana bila mmoja wetu kuwa mwongo.

Wazazi wenye uwezo waliona msongamano wakawahamisha watoto kwenye shule za watu binafsi. Walioondoka ndio waliokuwa na sauti katika kamati ya wazazi, ndio waliojua kusoma hesabu za shule na kuuliza maswali. Waliobaki ni wale ambao hawana mahali pengine pa kwenda.

Mwalimu mwenye namba na mwalimu asiye nayo

Ili kuelewa mengine yote, lazima kwanza kuelewa karatasi moja: orodha ya malipo. Ilikuwa inashikwa na SECOPE, ambayo siku hizi inaitwa DINACOPE. Mwalimu aliye kwenye orodha, mwenye namba ya matrikule, na ambaye malipo yake yamekubaliwa, anapokea mshahara. Kuna mwingine ambaye ana namba, shule yake inajulikana, lakini jina lake linapita kila mwezi bila franka. Huyo anaitwa "asiyelipwa". Na kuna wa tatu, wale wanaoitwa NU, yaani vitengo vipya, ambao bado hawajaingizwa kabisa. Wote watatu wanafundisha katika jengo moja. Wana ubao wa namna moja, vipindi sawa, mtihani mmoja. Mwisho wa mwezi mmoja anakwenda kupokea, na wawili wanamwazima.

Kabla ya 2019 primu ilikuwa inafunika tofauti hiyo, kwa sababu direkta aliigawa kwa wote. Primu ilipoondolewa katika shule ya msingi, mwalimu wa NU alibaki bila chochote, na sheria inakataza mzazi kuombwa. Hapo ndipo inapotoka michango midogo isiyo na jina: franka za ufagio, za mtihani wa kila juma, za kadi, za "kumtia moyo mwalimu". Direkta anayeikusanya anavunja amri. Direkta asiyeikusanya anapoteza walimu wawili kati ya sita. Tumezungumza na wakuu wa shule wanaoishi kati ya mambo hayo mawili kila juma, na hatukukuta mmoja aliyefurahia.

Hata mwenye namba ana shida yake. Mshahara unahesabiwa kwa franka, lakini kodi ya nyumba Goma na Bukavu inatajwa kwa dola, na mchele, mafuta na sabuni vinafuata dola. Mwishoni mwa 2019 dola moja ilikuwa karibu na franka 1 700. Mwaka 2024 ilipita 2 800. Tuchukue hesabu rahisi: franka 200 000 zilikuwa karibu dola 118 mwaka ule; kwa bei ya 2024 zilikuwa dola 71 tu. Hakuna aliyemkata mwalimu mshahara, lakini umepungua akiwa amelala. Ndiyo maana nyongeza zilizotangazwa baada ya mapatano ya Bibwa mwaka 2021, kati ya Serikali na masindika ya walimu, hazikutuliza mambo kwa muda mrefu. Mwezi wa kenda wa 2024 walimu wa shule nyingi za msingi katika Kivu ya Kusini na kwingineko hawakuingia darasani. Walidai dola 500 kwa mwezi, na wenzao wasiolipwa waingizwe kwenye orodha. Kwa mtu wa nje dola 500 ni neno la ndoto. Kwa mwalimu mwenye watoto watano na nyumba ya kupanga, ni hesabu ya chakula, kodi, na minervali ya watoto wake mwenyewe. Kwa maana mtoto wa mwalimu naye anafukuzwa.

Kisha kuna njia ya kuufikia mshahara. Tangu mwaka 2011 Serikali ilianza kuwalipa watumishi wake kwa njia ya benki. Mjini jambo hilo lilipunguza wizi. Lakini mwalimu wa kijiji kilichoko siku moja ya mguu kutoka barabara hana benki karibu, na mara nyingine inamlazimu kuacha darasa siku mbili au tatu kila mwezi, kulipa pikipiki, kulala kwa ndugu, na kurudi na kilichobaki. Wanafunzi wake wanajua tarehe hizo. Wanaziita siku za mshahara na hawaendi shuleni. Mwaka 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari na Bukavu katikati ya Februari, benki za miji hiyo zilifunga milango. Mwalimu mwenye namba, mwenye konti, mwenye mshahara uliotumwa, akajikuta hana dirisha la kuutoa. Wengine walitegemea simu, ambapo kila kutoa kunakatwa kitu. Wengine walisafiri mbali na njia haikuwa salama.

Mwalimu wa namna hii anafundishaje? Tunajua majibu kwa sababu tunaishi naye. Asubuhi sana yuko shambani, au mchana anaendesha pikipiki ya abiria. Ana deni kwenye butiki, na mwenye butiki ana mtoto katika darasa lake. Siku ya kutoa pointi, deni hilo liko pale kati yao wawili. Hatayarishi masomo kwa sababu jioni nyumba haina taa. Mwengine anauza noti zake kwa wanafunzi. Mwengine, na hili linatuuma zaidi, anauza pointi zenyewe. Dhambi tunaiita dhambi. Lakini Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inaagiza mfanyakazi maskini alipwe kabla jua halijatua, na Yakobo katika sura ya 5 anawageukia matajiri waliozuia ujira. Anayehubiri mwalimu asiuze pointi na asiseme neno juu ya ujira wake amesoma nusu.

Kuna walimu wazee pia. Katika shule nyingi mtamkuta mzee aliyepita umri wa kupumzika, macho yamechoka, akifundisha darasa la pili. Hakai kwa kupenda ukubwa. Akitoka bila malipo ya mwisho wa kazi, anatoka kwenda kwenye njaa. Anapobaki, kijana aliyemaliza pedagojia anabaki NU au anatafuta kazi ya ulinzi.

Nyumbani kwa mwanafunzi

Benki ya Dunia inakadiria kwamba mwaka 2024 karibu Wakongomani watatu kati ya wanne waliishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Kwa familia ya mkulima wa mashariki, hata hivyo, swali halikuwa tu franka ngapi, bali lini. Mwezi wa kenda, mvua zinapoanza, ndio mwezi wa kupanda msimu mkubwa. Mbegu za maharagi na mahindi zimeingia ardhini, pamoja na franka zilizonunua mbegu hizo. Mavuno yatakuja karibu na Noeli au mwezi wa kwanza. Kati ya hapo ni miezi ya upungufu, na ndiyo miezi ambayo shule inataka sare, madaftari, viatu, na kwa sekondari sehemu ya kwanza ya minervali. Baba anayesemwa kwamba "hapendi kulipa" mwezi wa kumi ni baba ambaye angeweza kulipa mwezi wa kwanza. Kalenda ya shule na kalenda ya shamba hazikuwahi kuketi pamoja kuzungumza.

Gratuité inafika darasa la sita. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 iliweka elimu ya msingi kuwa miaka minane, yaani na darasa la saba na la nane ndani yake, lakini wazazi wanajua kwamba ukivuka la sita, malipo yanakungoja mlangoni. Mtoto amefaulu ENAFEP, nyumbani wamechinja kuku, na miezi miwili baadaye yuko nyumbani. Tukiulizwa mahali ambapo umaskini unawakata watoto wengi siku hizi, tungeonyesha hapo: kati ya sita na saba. Zamani walikatwa kidogo kidogo, tangu darasa la kwanza. Siku hizi wanakatwa kwa pamoja, wakiwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, umri ambao mikono yao imeanza kufaa kazi.

Na kazi zipo. Rubaya kuna koltani, Kamituga kuna dhahabu, na machimbo madogo yako kila mlima. Mtoto haanzi kwa kuchimba. Anaanza kwa kuuza maji na mandazi kwa wachimbaji siku ya mapumziko, kisha anabeba mchanga, kisha anaosha mawe, na siku moja anapokea franka nyingi kuliko anazopata mwalimu wake kwa juma. Mwambieni arudi shuleni siku hiyo. Goma watoto wanavunja mawe ya volkano au wanasukuma chukudu. Vijijini siku ya soko darasa linakuwa nusu.

Kwa msichana mambo yanakwenda kwa mlango mwingine. Franka zikitosha mtoto mmoja, mara nyingi anachaguliwa mvulana. Msichana anabaki kulea wadogo, au anatumwa mjini kufanya kazi katika nyumba ya mtu, na familia inasema "amekwenda kwa shangazi". Wengine wanabaki shuleni lakini shule haina choo chenye mlango wala maji, kwa hiyo siku kadhaa kila mwezi hawaji. Na kuna anayelipiwa minervali na mwanaume ambaye si baba yake wala mjomba. Viongozi wa akina mama katika parokia wanajua habari hizi kuliko wachungaji; wanastahili kusikilizwa katika kamati ya shule, wasiitwe kupika tu siku ya sikukuu.

Kumfukuza mtoto kunaharibu somo zaidi ya siku zile alizokosa. Katika shule zetu nyingi kitabu ni kimoja, cha mwalimu. Somo linaandikwa ubaoni, watoto wananakili, na daftari ndilo kitabu chao. Aliyefukuzwa Jumanne akarudi Ijumaa ana shimo katika daftari, na hakuna mahali pa kulijaza isipokuwa kuazima kwa mwenzake. Hesabu ya sehemu iliyofundishwa Jumatano haitarudiwa. Mwezi wa sita buletini itasema ni mzembe. Tuongeze na njaa: wengi wanakuja bila kula kitu, na shule zenye chakula, kama zile chache zinazosaidiwa na PAM, ni za kuhesabu. Mwalimu mwenye uzoefu anaweka hesabu saa ya kwanza, kwa sababu baada ya saa tano vichwa vinalala.

Majengo na vita

Juu ya majengo hatutasema mengi, kila msomaji ameyaona. Kuta za mbao au udongo, manjanja juu, na mvua ikinyesha mwalimu anaacha kufundisha kwa sababu sauti yake haisikiki. Shule mbili zinagawana jengo moja, asubuhi na mchana. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, lava iliteketeza mashule upande wa kaskazini wa Goma. Na kila mara watu wanapokimbia kutoka Masisi, Rutshuru, Djugu au Fizi, mahali pa kwanza wanapolala ni darasa na kanisa. Mabenchi yanakuwa kuni. Hatuwezi kumlaumu mama aliyepikia watoto wake kwa benchi la shule usiku wa baridi. Lakini benchi hilo halirudishwi na mtu yeyote, na bajeti ya kuliweka upya haipo.

Mambo ambayo parokia inaweza kushika

Mshahara ni deni la Serikali, na viongozi wa jumuiya zetu wanapaswa kuendelea kuudai kwa jina, shule kwa shule, na orodha ya NU mkononi. Lakini kuna mambo yaliyo karibu zaidi.

La kwanza ni kujua bei. Kila mwaka malipo ya sekondari yanawekwa kwa amri ya gavana wa jimbo. Amri hiyo ibandikwe mlangoni mwa shule na mlangoni mwa kanisa, na mzazi apewe risiti. Kila franka isiyoandikwa pale, mzazi ana haki ya kuuliza ni ya nini. Wazazi wana kamati yao, COPA, na shule ina kamati ya uongozi, COGES, ambamo wazazi wanakaa. Mahali pengi kamati hizi ni majina tu. Mwenyekiti ni rafiki wa direkta na hakuna mkutano. Mshiriki anayejua hesabu, mhasibu, muuza duka, diakonia mwenye daftari safi, atumwe huko kama anavyotumwa kwenye kamati ya ujenzi.

Kalenda nayo inaweza kusogezwa bila kungoja Kinshasa. Zipo shule za vijijini ambazo prefe na wazazi walipatana sehemu kubwa ya malipo iingie baada ya mavuno, na zinazopokea maharagi au mahindi kwa bei iliyokubaliwa. Vikundi vya kuweka na kukopa, AVEC, ambavyo akina mama wengi wa makanisa wanavyo, vinagawana akiba mwisho wa mzunguko; kikundi kinachopanga mgawanyo uangukie mwisho wa mwezi wa nane kinampa mama franka mkononi siku anayozihitaji, na kinachogawana Noeli kinampa wakati zinapoliwa.

Juu ya sadaka kwa walimu tunasema kwa uangalifu. Parokia nyingine zimeanza kuwakusanyia walimu wa NU kitu kila mwezi, na ni vizuri, maadamu kinakusanywa kanisani, kwa mwenye kupenda, na kinatolewa kwa mwalimu mbele ya mashahidi. Kikianza kuombwa darasani, kupitia mtoto, kwa kiasi kimoja kwa wote, basi ni primu ya mwaka 1992 imerudi na joho la kwaya. Na mtoto asiyeileta atafukuzwa, kama zamani.

Tena kuna orodha moja ambayo haigharimu kitu. Matokeo ya ENAFEP yakitoka, mwalimu wa shule ya Jumapili aandike majina ya watoto wa parokia waliofaulu kuingia la saba, na mbele ya kila jina aulize nani atalipa. Wenye majibu waachwe. Wasio na majibu wajadiliwe na mashemasi, akina mama na prefe juma lile lile, kabla ya mwezi wa nane kwisha. Mwezi wa kenda ukifika, mvulana amekwisha kupanda gari la Kamituga, na msichana yuko mjini akimbeba mgongoni mtoto wa mtu mwingine.